Nataka kutoka kanisani, lakini mume wangu ni shemasi: nianzie wapi?

*"Daktari, pokea salamu. Nina miaka 34, nimeolewa, na nina watoto watatu: msichana wa miaka 11, mvulana wa miaka 7 na kitinda mimba wa miaka 2. Kanisa hili tuliingia miaka tisa iliyopita, baada ya mimba kuniharibikia. Wakati ule hakuna aliyetushika mkono isipokuwa wao. Leo mume wangu ni shemasi. Kwetu hospitali hairuhusiwi, wala dawa, hata Panadol. Watoto hawaendi shule za dunia. Wanafundishwa kusoma Biblia na binti wa mzee wa kanisa. Vitambulisho vyetu viko kwa mzee, kwa sababu nabii alisema namba za serikali ni alama ya mnyama. Shamba tuliliuza, pesa ikaingia mfuko wa kanisa.*

*Mwezi wa tano yule mdogo alipata homa, akatetemeka, macho yakageuka juu. Walimwombea usiku kucha, na kulipopambazuka akafungua macho. Wote wakasema ni muujiza. Mimi tangu usiku ule siamini tena, au sijui kama naamini. Nilimwambia mume wangu kwamba mtoto akishikwa tena nitampeleka zahanati. Alinisukuma nikaanguka, lakini aliomba msamaha, si mtu wa kupiga.*

*Naogopa. Fundi wa baiskeli aliyetoka mwaka juzi aligongwa na lori kabla mwaka haujaisha, na kila Jumamosi tunakumbushwa. Mama yangu mzazi yumo pia, na mimi ndiye niliyemleta. Nikitoka hataongea nami, na hata kunizika hawatanizika. Watoto watachukuliwa kwa sababu watoto ni wa baba. Sina shilingi. Nakuandikia kwa simu ninayoificha kwenye debe la unga. Mtu hutoka vipi? Na nikikaa nikanyamaza kwa ajili ya watoto, je, ni vibaya?"*

Dada yangu, nimekusoma, na majina ya watu na mahali nimeyaondoa.

Unauliza mtu hutoka vipi, lakini naona maswali mawili yaliyofungwa kwa kamba moja, na nitaanza kwa kuyatenganisha. La kwanza ni la imani: kama nabii ni wa kweli, kama Mungu yuko nao, kama wewe bado ni mtu wa Mungu. Hilo linaweza kukuchukua miaka, na una haki ya kutumia miaka hiyo. La pili ni la mtoto wa miaka miwili anayeweza kupandwa na homa leo usiku. Hilo linahesabiwa kwa saa. Umefundishwa kwamba yote mawili ni jambo moja, kwamba ukikanyaga zahanati umeshaasi. Hapana. Unaweza kumpeleka mtoto zahanati Jumatatu, na Jumamosi ukakaa kwenye benchi lako ukiimba, huku hujui bado unaamini nini. Usisubiri upate uhakika wa mambo ya mbinguni ndipo umpime mtoto damu.

Kutetemeka na macho kugeuka juu, kwa maelezo yako, ni degedege. Kwa mtoto mdogo mwenye homa kali, kinachofikiriwa kwanza katika sehemu zenye mbu ni malaria, ingawa homa ya uti wa mgongo nayo huweza kuanza hivyohivyo, na kuna degedege linaloletwa na joto la mwili tu na kukoma lenyewe. Siwezi kukuambia mwanao alipatwa na nini, kwa sababu hakuna aliyempima. Ninachojua ni kwamba homa ya malaria hupanda na kushuka. Vimelea hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu, vikikomaa huzipasua kwa pamoja na joto hupanda, kisha mtoto hutulia kwa muda huku vingine vikizaliana. Kwa hiyo kutulia alfajiri hakumaanishi amepona. Malaria kali inaweza kumwondoa mtoto ndani ya siku moja au mbili, na ndiyo sababu tunasisitiza apimwe kabla ya saa 24 tangu homa ianze. Kipimo ni tone la damu kidoleni na majibu hupatikana kwa dakika chache; ikigundulika mapema, dawa yake ni vidonge vya siku tatu. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea asizinduke vizuri, akihema kwa shida au akipata degedege tena, usingoje kuche.

Ukiona zahanati ni mbali au utaonekana, ulizia mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, yule anayepita nyumba kwa nyumba. Katika maeneo mengi yenye malaria hubeba kipimo kwenye mkoba, na kazi yake inamtaka atunze siri. Na chandarua si dawa; sidhani kama nabii amefikia kukikataza.

Sasa, katikati ya barua yako kuna sentensi moja uliyoipita haraka: "alinisukuma nikaanguka". Umeifunika papo hapo kwa kusema aliomba msamaha. Naamini kwamba aliomba, na inawezekana kabisa kwamba si mtu wa kupiga. Lakini alikusukuma siku ileile uliyosema waziwazi jambo linalopingana na kanisa, na hiyo ndiyo habari muhimu kuliko tabia yake ya siku zote. Mtu mpole anaweza kubadilika pale cheo chake na wokovu wake vinapoguswa. Kwa hiyo usimtangazie mpango wowote wa kuondoka mkiwa wawili ndani ya nyumba, usiku, kabla hujawa na mahali pa kwenda. Akikusukuma tena, au akikufungia ndani, piga 1195. Ni namba ya bure ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili nyumbani hapa Kenya, na anayepokea hatakuhoji habari za dini yako.

Nije kwenye hofu, maana naona ndiyo iliyokushika kuliko umaskini.

Unasema fundi wa baiskeli alilaaniwa. Hebu tuhesabu pamoja. Kwa miaka tisa umeona watu wangapi wakitoka? Wako wapi ambao hawakugongwa na lori? Bila shaka wapo sokoni, wapo kwenye matatu, watoto wao wanasoma, ila wewe huwajui habari zao kwa sababu umekatazwa hata kuwasalimu. Katazo hilo halikuwekwa ili kuwaadhibu wao peke yao. Linakuzuia wewe usione kwamba wako salama. Hadithi moja ya ajali inasimuliwa kila Jumamosi, na nyingine zote zimefungiwa mlango. Barabara zetu huua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka katika miaka hii ya karibuni, na waendesha baiskeli na watembea kwa miguu hawana bodi ya gari ya kuwakinga. Lori halikumuuliza fundi anasali wapi.

Geuza sasa upande wa pili: waliobaki ndani wamekufa wangapi? Akina mama wangapi wamefia uzazini, watoto wangapi wamezikwa kwa homa? Hao mliambiwa wameitwa nyumbani. Kifo cha aliyebaki kinaitwa wito na cha aliyetoka kinaitwa laana, basi hakuna kifo kinachoweza kuonyesha kwamba nabii amekosea. Na walioombewa wakafa hawapandi madhabahuni kutoa ushuhuda. Simaanishi kwamba Mungu hakusikia maombi kwa ajili ya mwanao. Hilo si eneo langu. Ninaloweza kusema ni kwamba huwezi kupima nguvu ya kitu kwa kuwasikiliza walionusurika tu.

Hata ukikubali haya yote kwa akili, mwili wako hautakubali mara moja. Hofu yako haikuingia kwa hoja. Iliingia kwa mikesha, kwa mfungo, kwa kukosa usingizi, kwa nyimbo zinazopanda hadi watu wanalia, na kwa miaka tisa ya kusikia kwamba nje kuna giza. Hofu iliyoingia hivyo hukaa mwilini. Siku utakapotoka, mtoto akikohoa kidogo moyo utakwenda mbio. Ngurumo ya kwanza itakukosesha usingizi. Jumamosi asubuhi utajikuta umevaa kilemba bila kujua unakwenda wapi. Utasema, "Ndiyo hii laana." Hapana, dada, ni mazoea yanayotafuta kazi yake ya zamani. Hupungua kila mara jambo uliloliogopa linapopita bila kutokea, na huhitaji mara nyingi kabla mwili haujaridhika. Wengi hurudi kanisani katika miezi hii ya mwanzo kwa sababu hawakuambiwa kwamba hofu hubaki kwa muda mrefu baada ya imani kuondoka, basi wakaichukua kuwa sauti ya Mungu.

Utatupiwa pia mstari wa mbwa aliyerudia matapiko yake, kutoka waraka wa pili wa Petro. Takriban kila aliyetoka katika makanisa ya namna hii ametupiwa. Sitakujibia kwa Biblia maana si mchungaji, lakini kama usiku unataka kitu cha kushika, soma Isaya 38:21, Hezekia anavyowekewa tini juu ya jipu ili apone, na Wakolosai 4:14, Paulo anavyomwita Luka "tabibu mpendwa". Visome peke yako. Usimpelekee mume wako kama kesi.

Kuna jambo hukuliandika waziwazi lakini liko kila mahali katika barua yako: unajiona mjinga. Umeuza shamba, umemleta mama yako. Nikukumbushe Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Viongozi wa kundi moja la dini la huko walitangaza kwamba dunia ingefika mwisho tarehe 31 Desemba 1999. Siku ikapita, na tarehe 17 Machi 2000 mamia ya waumini wakateketea ndani ya kanisa lao. Miongoni mwa viongozi alikuwemo padri aliyesoma hadi chuo kikuu Marekani, na mwingine alikuwa mtu wa elimu anayeheshimiwa katika eneo lake. Hawakuwa watu wasiojua kusoma. Watu hawaingii makundi haya kwa kukosa akili. Huingia wakiwa na jeraha, na wewe uliingia na jeraha la mimba, ukakuta watu wanaokupikia uji na kukesha nawe. Wema ule ulikuwa wa kweli. Sitakutaka uukane.

Kilichofuata kina maelezo. Mwaka 1957 mwanasaikolojia Mmarekani, Leon Festinger, alieleza kwamba mtu akiwa na mawili yanayopingana moyoni hupata dhiki, na hutafuta njia ya kuiondoa iliyo rahisi kwake. Mkishauza shamba, njia rahisi si kusema "tumekosea". Neno hilo lina bei ya shamba zima. Rahisi ni kuamini zaidi. Mkishatoa watoto shuleni, bei inapanda tena. Ndivyo kila mlichotoa kilivyowafunga zaidi, na ndivyo kilivyomfunga mume wako kuliko wewe, maana yeye ameongezewa na cheo. Wewe ile dhiki ilikushinda nguvu usiku ule kwa sababu upande wa pili wa mizani alikuwepo mtoto. Huo ni ujasiri, ingawa kwa sasa unauona kama usaliti.

Sasa njia zilizopo. Umeuliza kama kukaa na kunyamaza ni vibaya. Kwa mtu mzima asiye na watoto ningesema si vibaya hata kidogo. Wapo wanaokaa miaka kwenye dini wasizoziamini kwa ajili ya amani ya nyumba, na sina la kuwahukumu. Kwako wewe kuna masharti. Kama unaweza kukaa huku watoto wakiugua unawatibu, na wakaanza shule, basi kaa kadiri unavyohitaji. Kama kukaa kunamaanisha wasitibiwe na wasisome, basi gharama ya ukimya wako wanailipa wao, na hawakuulizwa. Na msichana wa miaka 11 katika kanisa linalochukia shule hana miaka mingi kabla watu hawajaanza kumtaja taja kwa habari ya kuolewa. Kama umeshasikia minong'ono hiyo, uzito wa kila kitu nilichoandika hapa unabadilika. Ndoa ya aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai Kenya, hata kama nabii anasema amefunuliwa.

Njia ya kati ni kufifia: unakosa mkesha mmoja kwa sababu mtoto anaumwa, unaacha kuimba mbele, unaacha kutoa ushuhuda, hadi siku moja watu wanazoea kutokukuona. Mimi naipenda njia hii zaidi kwa watu wenye familia ndani, ingawa wanaharakati wengine huiona ya uoga. Inakupa muda wa kujenga nje kabla ya kubomoa ndani. Mwanasosholojia Helen Rose Ebaugh, ambaye mwenyewe alikuwa sista akaacha utawa, aliwahoji watu 185 walioacha maisha waliyojulikana nayo: masista, madaktari, waliotalikiana na wengineo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1988 alionyesha kwamba kutoka huanza zamani kabla ya siku ya kutoka. Mtu huanza na shaka, halafu huchungulia maisha mengine, hujaribu, ndipo hukata shauri. Wewe uko kwenye kuchungulia. Hujachelewa, na hujaharakisha. Ubaya wa kufifia ni kwamba katika kanisa dogo huonekana, na mke wa shemasi huonekana zaidi. Utaitwa kikao. Jiandae na jibu moja fupi, "Sina nguvu siku hizi, niombeeni," na usilirefushe.

Kutoka kwa kutangaza, kwa barua au kusimama mbele ya watu, kuna raha yake, lakini sikushauri kwa sasa. Huna pesa, huna karatasi, na mtu wako wa karibu alishakusukuma.

Kuondoka na watoto kwa ghafla ni njia ya hatari, na inakuwa lazima katika mambo mawili: ukipigwa, au ukisikia watoto wanaingizwa kwenye mfungo. Hili la pili silitii chumvi. Tangu Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, wakiwemo watoto wengi, ya watu walioambiwa wafunge hadi wamwone Yesu. Si kila kanisa kali ni Shakahola. Mengi hayafiki hata nusu ya njia hiyo, na lenu huenda lisifike kamwe. Lakini lenu linakataa tiba na limekusanya vitambulisho, na hizo ni dalili mbili nisizozipenda. Neno mfungo likitajwa kwa mtoto wa miaka miwili, chukua watoto uende kituo cha polisi siku hiyohiyo, na upige 116, simu ya bure ya watoto.

Kabla ya njia yoyote, tafuta mtu mmoja wa nje. Mmoja tu anatosha kuanza. Labda dada, shangazi, au rafiki uliyesoma naye ambaye hamjaongea tangu ulipoingia kanisani. Utadhani amekukasirikia, na huenda ni kweli, lakini wengi wao husubiri simu hiyo kwa miaka. Simu ya kwanza usiombe kitu. Msalimie, muulize habari za watoto wake. Ya pili au ya tatu ndipo umwambie, "Nikikuja usiku na watoto, utanifungulia?" Kwenye simu yako futa ujumbe mmoja mmoja, usifute zote kwa pigo moja, maana simu tupu nayo huzua maswali. Na debe la unga, dada, hufunguliwa na kila anayesonga ugali. Tafuta pengine.

Kitambulisho usiende kumdai mzee. Hana haki ya kukishika, lakini kumdai ni kumwarifu. Toa taarifa polisi kwamba huna, upewe abstrakti, yaani karatasi ya polisi ya kuthibitisha taarifa yako, kisha uombe kingine Huduma Centre. Namba yako ya zamani itabaki ileile. Watoto waliozaliwa nyumbani husajiliwa kupitia naibu wa chifu wa eneo, hata kama wamechelewa. Ila chunguza kwanza naibu wenu anasali wapi. Kama anasali kwenu, nenda moja kwa moja kwa ofisi ya usajili wa vizazi ya kaunti ndogo.

Hapa niseme juu ya watoto "kuwa wa baba". Ni maneno ya kutishia, wala si sheria. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la, na kwamba maslahi ya mtoto yanatangulia katika kila jambo linalomhusu. Kifungu hichohicho kinampa mtoto haki ya matibabu na ya elimu ya msingi, ambayo ni ya lazima na ya bure. Uhuru wa kuabudu uko kifungu cha 32, na unamlinda mume wako aabudu atakavyo. Unakulinda wewe pia usilazimishwe. Hauruhusu yeyote kumnyima mtoto dawa. Maafisa wa watoto na mahakama wameshaingilia kati kwa wazazi wa madhehebu yanayokataa hospitali, kama vile Kavonokya wa pande za Kitui na Tharaka. Kwa hiyo mahakamani wewe ndiye unayetaka mtoto atibiwe na asome, na hiyo si nafasi dhaifu. Hatari iko kwenye kutoweka nao kimyakimya hadi uonekane umewaficha. Ukiondoka nao, ripoti kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo unakofikia, haraka iwezekanavyo, ukieleza sababu. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, huwasaidia wanawake wasio na uwezo kwa mambo ya sheria, bila malipo.

Kuhusu mali nitakuwa mkweli: pesa ya shamba iliyoingia mfuko wa kanisa, ipangie maisha kana kwamba haitarudi. Kilichobaki, nyumba au duka, ni tofauti. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani na malezi kuwa mchango, na mali ya ndoa haiwezi kuuzwa bila ridhaa yako. Muulize wakili kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ya kanisa.

Binti yako ataona aibu kukaa na watoto wadogo darasani. Ni kweli, na itauma mwezi au miwili. Mwaka 2004 mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na miaka 84, akiwa amevaa kaptula na soksi kama wenzake, na dunia nzima ikampigia makofi. Wa miaka 11 anayejua tayari kusoma Biblia atawafikia wenzake.

Na mume wako je? Simwoni kama adui, na naona nawe humwoni hivyo. Ukishakuwa na mahali pa kwenda, na kama hajakusukuma tena, zungumza naye mchana, mkiwa na watu karibu, na usizungumze habari za nabii. Ukigusa nabii atajibu shemasi. Zungumza juu ya mtoto: "Niliogopa usiku ule. Wewe hukuogopa?" Nyamaza usikie. Inawezekana naye aliogopa na hana mtu wa kumwambia, maana shemasi hana ruhusa ya kuogopa. Kama mlango utafunguka, utafunguka hapo. Usipofunguka, usilazimishe.

Baada ya kutoka utaomboleza, na watu watakushangaa: unaliliaje kanisa lililotaka kukuua mtoto? Utalilia nyimbo, akina mama mliochambua maharage pamoja, na ile raha ya kujua kila kitu kina jibu. Baadaye itakuja hasira, pengine kwa mwaka mzima. Na swali la nani atakuzika, ambalo watu wa mjini hulicheka, mimi silicheki. Kuzikwa bila watu ni fedheha nzito kwetu. Jibu lake hujengwa: ingia chama cha akina mama cha mtaa utakaohamia, hudhuria misiba yao hata kama huna cha kuchanga, beba maji, osha sufuria. Watakuja kwako.

Ila usiingie kanisa jingine kwa pupa. Aliyetoka kwa nabii huyu ana njaa, na manabii wengine wanaijua harufu ya njaa hiyo. Jipe miezi kadhaa. Ukipenda kusali, sali mahali ambapo unaweza kukosa wiki tatu na hakuna atakayekuita kikao, ambapo hesabu za sadaka husomwa, na ambapo mchungaji mwenyewe hutibiwa hospitali.

Yapo mambo ambayo maandishi haya hayawezi kuyabeba. Ukikosa usingizi wiki nzima, ukishindwa kula, ukianza kusikia sauti ya nabii ikikusemesha ukiwa peke yako, au ukifikiria kwamba ni afadhali ufe wewe au mfe na watoto, hapo nenda hospitali ya kaunti uombe kuonana na mtu wa afya ya akili. Ukishindwa kufika, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, na wana washauri wa kuzungumza nawe. Mweleze daktari kwamba umetoka kwenye kanisa kali. Usione haya, maana asipojua atakutibu nusu.

Nimalizie na mama yako, kwa sababu nadhani ndiye atakayekurudisha nyuma kuliko nabii. Ulimleta, ni kweli, lakini kwa miaka tisa ameamka kila Jumamosi akaenda kwa miguu yake. Ukitoka ataacha kuongea nawe, labda kwa muda mrefu. Mkikutana njiani msalimie, hata asipoitikia. Mpelekee sukari na sabuni kupitia mtoto. Usimhubirie. Akiugua na akakataa zahanati, yeye ni mtu mzima mwenye akili timamu. Unaweza kumsihi, lakini huwezi kumbeba kwa nguvu. Watoto wakienda kumtembelea, hilo usilifumbie macho: wasilale kwake mpaka akubali, kwa kinywa chake, kwamba wakishikwa na homa atakupigia simu saa hiyohiyo.